Shangazi, Jimi anakohoa usiku kucha na nyumbani kila mtu ana lake

Shikamoo Shangazi,

Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike tu maana nyumbani hatuelewani na kazini nikifungua mdomo watu wanacheka, eti mtu mzima unalilia mbwa. We usinicheke tafadhali.

Niko Tanga, Pongwe, naishi na mama. Baba alitangulia mbele ya haki miaka mitatu sasa. Alikuwa fundi mitambo shamba la mkonge, na meneja mmoja pale alipomaliza mkataba akarudi kwao alimwachia baba kitoto cha mbwa, cheupe, manyoya mengi, kidogo kama paka, ndo Jimi huyo. Hiyo ni 2012. Mama hakutaka kabisa, sisi Waislamu na mama ni mtu wa swala tano na udhu wake, lakini baba akasema huyu ni mlinzi, atakaa nje, hatavuka kizingiti. Na kweli hajawahi kuvuka. Mlinzi gani wa kilo nane! Ila sauti Shangazi, king'ora. Wezi wa kuku wa mtaa mzima walikuwa wanaijua nyumba yetu.

Kila alasiri baba akirudi msikitini na baiskeli, Jimi alikuwa ameshafika getini kabla sisi hatujasikia kengele. Baba hayupo lakini Jimi bado anaenda, mpaka leo, anakaa pale kama nusu saa halafu anarudi. Na mama huyo huyo anayesema mbwa si wake, mchana akipara samaki kichwa anakiweka pembeni, Jimi akirudi kutoka getini anamtupia, "haya chukua, mzee hajaja leo pia." Kila siku maneno ni hayo hayo.

Sasa mwaka jana akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu kama mtu aliyepaliwa na mwiba wa samaki, anatoa shingo mbele anakoroma mwisho anatema kapovu. Tukampa asali na tangawizi, dokta wa ng'ombe wa huku akampiga sindano mbili za mafua, wapi. Siku moja akazidiwa usiku, kaka akampakia kwenye Noah yake tukaenda naye Dar, akapigwa eksirei na eko, ile picha ya moyo, wakasema valvu ya kushoto inavuja, moyo umetanuka na maji yameingia mapafuni. Akaanzishiwa pimobendani mara mbili kwa siku, Lasix mara mbili, na ile enalaprili wanayopewa watu wa presha. Mwezi wa saba huu yuko kwenye dawa, na dawa ya mwezi inakula kama laki na nusu, hiyo pimobendani tunaagiza Dar kwa basi.

Mwanzoni alirudi kabisa mpaka nikasema amepona. Sasa hivi hapana. Anakohoa usiku, mgongo unahesabika mifupa, tumbo limekuwa kama ngoma, mara mbili ameanguka ghafla pale getini kama mtu aliyepigwa shoti halafu baada ya muda mfupi anaamka anashangaa. Kula anachagua. Ng'onda ndo anakula vizuri, ugali na mchuzi wa ng'onda, kingine ananusa anaacha. Maji anakunywa kama ngamia na anakojoa barazani, mama amechoka kuosha kwa hiyo akaanza kumwondolea bakuli la maji ikifika magharibi. Wiki iliyopita Lasix ya Jimi iliisha nikachukua ya mama, mama naye anatumia kwa ajili ya presha, nikampa nusu kidonge. Na miguu ya nyuma ikawa inakaza nikampa kipande cha diklofenaki. Sijui kama nilikosea.

Mama anasema mwacheni afe kwa siku yake, Mungu ndo anajua. Kaka anasema mnamtesa na mnapoteza hela, nitamletea kitu kwenye nyama, dakika kumi kwisha. Mimi nimekaa katikati. Usiku nalala naye barazani kwenye mkeka nasikiliza anavyopumua na sijui nasikiliza nini. Nitajuaje kama siku imefika? Na nikimwita daktari amchome sindano, nitakuwa nimeua mbwa wa baba?

Binti wa Pongwe

*

Marahaba mwanangu. Sikucheki, na huyo anayekucheka kazini ngoja siku yake ifike.

Kabla hujasoma mstari unaofuata inuka kamrudishie Jimi maji. Nakusubiri.

Haya. Lasix kazi yake ni kuvuta maji yaliyokaa pasipotakiwa na kuyatoa kwa mkojo, kwa hiyo mbwa anayeitumia lazima akojoe sana na lazima awe na kiu sana, siyo tabia mbaya wala uzee. Ukimnyima maji huku unampa dawa ya kukojoa unamkausha, figo zinaumia, na figo zikishalala hata daktari hana pa kushika, maana Lasix na enalaprili zinategemea figo. Bakuli likae usiku na mchana. Kuhusu baraza, tandika gunia au kanga kuukuu ambayo haina kazi nyingine, na Lasix mpe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni ili ule mkojo mkubwa umtoke wakati bado mko macho wa kumtoa uani. Mama ataosha kidogo. Kuacha kabisa hataacha, tusidanganyane.

Diklofenaki usimpe tena. Hizo dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zinatoboa tumbo la mbwa mpaka anaharisha damu nyeusi, na kwa huyu anayetumia Lasix na enalaprili zinamalizia figo. Panadol nayo usimpimie mwenyewe. Mpigie daktari umwambie ulimpa nini, lini na kiasi gani, usione aibu, wanasikia mabaya zaidi ya hayo. Akianza kutapika au kinyesi kikawa cheusi kama lami, ndo hakuna kusubiri asubuhi.

Lasix ya mama dawa ni ile ile, furosemidi, wala siyo uchawi, lakini dozi inapimwa kwa kilo na kwa hali ya mgonjwa, na nusu kidonge cha mtu mzima kinaweza kuwa kingi au kichache kwa Jimi, hujui. Mwombe daktari akuandikie kabisa kwenye karatasi, dozi ya kila siku ni hii, na akizidiwa usiku ongeza hii halafu nipigie. Karatasi hiyo ibandike ukutani. Na uwe na akiba ya wiki mbili, ya Jimi peke yake, maana mama naye akikosa kidonge chake kwa sababu ya Jimi tutakuwa tumemtibu mbwa tukamlaza mtu.

Sasa nikuambie huo ugonjwa ulivyo, nimeshaishi nao ndani ya nyumba yangu. Upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, kuna mlango mwembamba kama utando. Kwa mbwa wadogo wakizeeka mlango ule unavimba kingo, unajikunja, haufungi sawasawa. Baba yako fundi angekuelewesha vizuri kuliko mimi: ni pampu ambayo washa imechakaa, unasukuma maji mbele na mengine yanarudi nyuma. Ile damu inayorudi nyuma inajaza chumba cha juu, chumba kinatanuka, mgandamizo unarudi mpaka kwenye mapafu, na hapo maji yanaanza kuchuja kuingia kule ambako ingekuwa hewa tu. Pimobendani inausaidia moyo kupiga kwa nguvu na kulegeza mishipa, Lasix inakausha mapafu, enalaprili inapunguza mzigo. Hakuna hata moja inayoziba mlango. Kwa hiyo ule uzima ulioona mwanzoni ulikuwa wa kweli ila siyo kupona.

Na usiniulize kama mngemwahi. Utafiti mmoja uliotoka 2016 ulionyesha kwamba mbwa ambao moyo umeshatanuka lakini bado hawajazidiwa, wakianzishiwa pimobendani, ile siku ya kuzidiwa inasogea mbele kwa miezi kama 15 hivi. Sasa nani Pongwe alikuwa anajua hayo? Mwingine wa 2008 ulifuatilia mbwa ambao walishazidiwa kama Jimi, na nusu ya waliopewa pimobendani walivuka siku 267 kabla moyo haujawashinda, wale wa dawa nyingine ya kulinganisha nusu walivuka siku 140. Hesabu mwenyewe miezi yenu saba. Hujachelewesha wala hujazembea, ugonjwa ndo umefika hapo unapofikaga.

Umesema unamsikiliza anavyopumua na hujui unasikiliza nini. Nitakufundisha usiku huu. Subiri mpaka alale usingizi hasa, siyo anapohema ulimi nje kwa joto, Tanga kipindi cha kaskazi mbwa yeyote anahema hata mzima. Ndo maana alfajiri ni saa nzuri. Weka taima ya simu sekunde 30, angalia mbavu, kupanda na kushuka ni moja. Ulichopata zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika akiwa usingizini, lala na wewe. Ikivuka 30, rudia baada ya muda, ikibaki juu mpigie daktari siku hiyo hiyo, hata kama anakula na anatingisha mkia. Na ikiwa kwenye 40 na tumbo linavutwa kwa nguvu kila pumzi, hiyo ni dharura, usisubiri kuandika namba. Nunua daftari, andika kila siku, tarehe na namba. Namba inapanda polepole siku tatu nne kabla ya macho yako kuona kitu.

Kikohozi chenyewe, nakuomba kisikutishe kuliko namba. Moyo uliotanuka unakandamiza njia ya hewa iliyo juu yake na mbwa anakohoa hata mapafu yakiwa makavu, wengine na koromeo limelegea kwa uzee, kwa hiyo anaweza kukohoa usiku kucha akiwa na pumzi 24, na anaweza kuwa kimya kabisa akiwa na 50. Huyo wa kimya ndo wa kukimbizwa. Mwombe pia daktari ampime minyoo ya moyo, ile inayoletwa na mbu, kama hawakumpima Dar, maana huku pwani ipo na nayo inaleta kikohozi na tumbo kujaa.

Kuanguka getini ni kuzimia, damu haifiki kichwani vya kutosha akichangamka sana au akikohoa mfululizo. Usimmwagie maji, usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu shingo imenyooka na uache aamke. Mwambie daktari, maana wakati mwingine mapigo yanakuwa yamevurugika na kuna la kufanya. Ila usimkataze kwenda getini! Mbebe kwenda, arudi mwenyewe polepole. Na kama anavaa mkanda wa shingoni uvue leo, mfungie wa kifuani.

Tuje kwenye ng'onda. Mwanangu, ng'onda ni chumvi yenye samaki ndani yake. Chumvi inashika maji mwilini, Lasix inayatoa, yaani asubuhi unachota na jioni unajaza. Inawezekana hilo tumbo na hicho kikohozi cha wiki hizi vimesukumwa na ng'onda kuliko unavyodhani. Usiiondoe siku moja maana atagoma kula, na mbwa wa moyo akigoma kula misuli inayeyuka, ndo huo mgongo unaouhesabu. Chemsha samaki mbichi bila chumvi, toa miiba, changanya na wali au ugali, supu yake mimina juu ikiwa ya vuguvugu ili inukie. Yai la kuchemsha sawa, kuku bila ngozi sawa. Kitunguu maji, kitunguu saumu na viungo vya pakiti hapana. Kile kichwa cha samaki cha mama kiendelee, kichemshwe tu. Pimobendani mpe saa moja kabla ya chakula, tumbo likiwa tupu inafanya kazi vizuri zaidi, ifiche kwenye kitonge kidogo tu cha samaki.

Fanya hayo siku chache kisha arudi kwa daktari aangaliwe figo, aangaliwe kama Lasix inatakiwa kupandishwa, na hilo tumbo linaweza kunyonywa maji kwa sindano akapata nafasi ya kupumua. Inawezekana mkapata wiki nyingine nzuri, hata miezi. Usichimbe kaburi kwa sababu ya ng'onda.

Lakini umeniuliza utajuaje. Na mama anasema mwacheni afe kwa siku yake, na mimi nilisema hivyo hivyo.

Nilikuwa na Bobi, mdogo kama Jimi, kahawia, sikio moja limekatika. Moyo ule ule. Nilijua anaisha, nikajiambia ataenda mwenyewe usingizini kama bibi yangu alivyoenda, na kumwita mtu aje kumchoma sindano niliona ni kujitia umungu. Basi ikaja usiku mmoja, saa nane. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, miguu ya mbele ameitanua, viwiko viko nje, shingo ameinyoosha kuelekea dirishani. Nikamlaza, akainuka. Nikamlaza tena, akainuka. Mbwa mwenye maji mapafuni halali mwanangu, akilala anazama, kwa hiyo anasimama mpaka miguu inatetemeka, na ufizi ulikuwa rangi ya majivu. Nikampigia daktari mara tatu, alikuwa kijijini anamzalisha ng'ombe wa watu, na hakuwa na kosa lolote, ni mtu mmoja na wilaya nzima. Kuelekea saa kumi povu la rangi ya waridi likaanza kutoka puani. Aliondoka adhana ya alfajiri ikiwa inaanza, na muda wote ule alikuwa ananiangalia mimi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema aende mwenyewe taratibu namuuliza, ugonjwa gani? Wapo mbwa wa moyo wanaodondoka ghafla na kwisha pale pale, ni kweli, ila huwezi kuuwekea dau usiku wa mbwa wako. Wengi wasiposaidiwa wanazama wakiwa na akili zao. Na wewe uko Pongwe, daktari wa karibu anashinda na ng'ombe wa maziwa, Dar ni kilomita zaidi ya 300. Saa nane usiku hakuna atakayekufikia. Ndo maana nasema siku hiyo ichagueni nyinyi, mchana kweupe, Jimi akiwa bado anaijua njia ya getini. Utajisikia umewahi mno, kila mtu anajisikia hivyo. Mimi nilichelewa na nimelibeba mpaka leo, hilo la kuwahi ningelichukua mara kumi.

Utaangalia nini? Daftari kwanza: namba imekaa juu ya 30 na dozi imeshapandishwa na haishuki, au imeshuka ikapanda tena ndani ya siku mbili. Amezidiwa kiasi cha kukimbizwa mara mbili ndani ya mwezi. Anakataa kulala, anakaa kitako usiku kucha kichwa kinaanguka kwa usingizi halafu anakishtua. Kichwa cha samaki anakinusa na kukiacha siku mbili mfululizo. Na lile la getini, siku alasiri imefika, umembeba umemweka pale, na hata masikio hayasimami. Mimi lile la masikio nalichukulia uzito kuliko vipimo vyote, madaktari wanisamehe.

Kaka yako mwambie kwa upole lakini mwambie, hicho "kitu kwenye nyama" hakiji nyumbani kwenu. Zile sumu siyo dakika kumi kwisha, ni kutetemeka, kutokwa mate na kukakamaa akiwa na fahamu. Na nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Uchungu wa kaka nauelewa lakini, aliyeendesha Noah mpaka Dar usiku siyo mtu asiyejali, amechoka kuangalia tu. Mpe kazi. Yeye ndo amtafute daktari sasa hivi, kabla ya siku yenyewe, amuulize mambo manne: utakuja nyumbani? unatumia dawa gani? utamlaza kwanza? bei gani? Hilo la kumlaza msilikubalie mkato. Inatakiwa sindano ya kwanza ya usingizi, Jimi alale fofofo, ndipo ya pili kwenye mshipa ya kusimamisha moyo, na mara nyingi ni dakika moja mbili tu. Macho yatabaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja kubwa baada ya moyo kusimama, misuli ikatikisika, mkojo ukatoka. Nakuambia mapema ili usidhani ameamka.

Kuhusu dini sikufundishi, mama anajua kuliko mimi, ila mkumbushe mambo anayoyajua. Kugusa mbwa hakutengui udhu, palipoloa ndo panaoshwa mara saba moja kwa udongo, na mkono mkavu kwenye manyoya makavu hauhamishi najisi, kwa hiyo hata yeye anaweza kumshika kichwani siku hiyo akitaka, au avae glavu. Yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye khofu yake, yaani kiatu cha ngozi, kwa ajili ya mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, akasamehewa, hadithi yake mama ameisikia tangu madrasa, ndo maana nashangaa bakuli la maji kuondolewa magharibi! Na ile ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata mkiua basi ueni kwa wema. Kaeni na shehe mnayemwamini mumweleze ugonjwa wenyewe ulivyo, mwambieni anazama, msimwambie tu "amezeeka". Mama akisikia kwa shehe atatulia kuliko akisikia kwangu.

Kaburi lichimbwe kabla, mbali na kisima, kina kama mita moja kwenda chini, siyo la kuparaza juu juu. Ile dawa inabaki mwilini na mbwa wa mtaani au kunguru wakimfukua nao wanakufa. Hiyo nayo mpe kaka.

Umeuliza kama utakuwa umeua mbwa wa baba. Baba alimpokea mbwa wa mtu aliyekuwa anaondoka, na akamtunza mpaka yeye alipoondoka, akakuachia wewe. Mimi naona bado uko kwenye kazi ile ile.

Ila siku usiichague peke yako. Kachague na mama. Anasema mbwa si wake, na mwezi wa ngapi huu tangu baba afariki anamjulisha Jimi kila alasiri kwamba mzee hajaja? Muulize yeye. Ataguna, atasema mimi sijui mambo ya mbwa, halafu atakaa kimya, halafu atakutajia siku, labda Jumatatu labda baada ya Ijumaa. Daktari mwite saa tisa tisa hivi ili alasiri ikikaribia muwe getini, siyo barazani. Na asubuhi ile chumvi haitakuwa na kitu tena cha kumfanya, mwambie mama ampe kipande cha ng'onda.